Nukta ya Umbali

Asubuhi ya kutetea tasnifu yangu ya uzamili, nilifungua mchoro wa matokeo nikakuta nukta tatu badala ya nne. Mbolea ilikuwepo. Ukubwa wa shamba na umri wa mkulima pia. Umbali kutoka shambani hadi kiwandani haukuwepo, na tasnifu yote ilikuwa juu ya umbali! Mimi ni mtoto wa wakulima wa miwa wa Musanda. Nimeiona miwa iliyokatwa ikikaukia kando ya barabara ikingoja trekta. Nilitaka kuwaonyesha wasomi jinsi kuwa mbali kunavyomla mkulima. Bila nukta ile ningesimama mbele ya jopo niseme nini?

Jana yake nilikuwa naupamba mchoro tu. Kompyuta hutoa koefishenti, yaani namba ya athari ya kila kigezo, kwa majina mabaya mabaya ya safu za data, kwa hiyo nilichagua nne nilizozitaka, na kwa kila moja nikaandika jina lake la zamani, kisha jina jipya la kupendeza. Programu ile ina kiburi. Jina lisipofanana na la kwenye data hailalamiki, inaiacha koefishenti nje na kuendelea na kazi.

Asubuhi hiyo nikamwita mwenzangu wa chumba, Mluhya kama mimi, wa Matete. Anisomee majina ya kwenye data, mimi nifuate niliyoandika.

"Umbari," akasoma.

"Umbari. Iko."

"Sasa shida ni gani?"

Tukarudia, na kila tuliposoma ilikuwa sawa. Jasho likanitoka. Nikaanza kumchukia hata yeye, maskini, aliyeacha chai yake ipoe kwa ajili yangu. Mwishowe, kwa hasira, nikalifuta jina langu, nikanakili lile la kwenye data bila kulitamka, nikabandika. Nukta ikatokea, mbali kabisa kushoto kwa sifuri, ishara kwamba umbali unamla mkulima, pale pale nilipoitaka.

Ndipo tukaona. Data ilisema "umbali". Mimi niliandika "umbari", kama ninavyotamka tangu utotoni, na mwenzangu naye aliisoma "umbali" kwa ulimi huo huo. Tulicheka hadi jirani akagonga ukuta. Kumbe kompyuta haijui Kiluhya! Nilimshukuru Mungu nikiwa nimekaa sakafuni.

Saa nane mchana nikasimama mbele ya jopo. Mwenyekiti, profesa Mluhya wa huko huko kwetu, akarekebisha miwani yake na kuitazama ile nukta kwa muda.

"Haya, binti yangu," akasema. "Tuerezee hiyo umbari."