Samaki wa Amana

Gertruda alichimba shimo dogo chini ya mgomba, akamlaza samaki, akafukia, akapiga ishara ya msalaba. Halafu akalia.

Si utani. Mtu mzima na akili zake, jua limeshachomoza, uani kwa Mhindi, analia juu ya kaburi la samaki asiyefika urefu wa kidole.

Wapagazi waliokuwa wanapita nje walimwona, wakacheka mpaka mmoja akatua mzigo.

"Huyu binti wa misheni kapatwa na nini?"

"Kafiwa!"

Sasa jamani, kabla na nyie hamjacheka, tulieni niwape mkasa wote. Ni wa Bagamoyo, miaka ile ya elfu moja mia nane themanini na kitu, Wajerumani ndiyo kwanza wanaanza kunusanusa pwani yetu. Sikuwepo, wala babu yangu hakuwepo. Umeshuka kwenye ukoo wetu mdomo kwa mdomo, na mimi nauleta kama nilivyoupokea.

Gertruda alikuwa binti aliyelelewa na masista wa misheni. Yeye na dada yake walitekwa bara wakiwa wadogo, wakashushwa pwani na msafara wa watumwa. Gertruda alifika akiwa mgonjwa hoi, hakuna aliyemtaka, misheni wakamchukua.

Dada yake alikuwa mzima wa afya. Akanunuliwa.

Yaani afya yake ndiyo iliyomponza. Alichukuliwa na mwanamke wa mtaa wa Dunda aitwaye Bi Mina, akapewa jina la Sada, akawa mjakazi wa kutwanga na kuteka maji. Ndugu wawili, mji mmoja, mmoja huru na mwingine mali ya mtu. Walikuwa wakionana Jumapili baada ya misa, Sada akitumwa kisimani.

Kila siku ya Mungu Gertruda aliwaza kitu kimoja tu: kumkomboa dada yake.

Ndipo akaja huyu Mzungu.

Huyu hakuja kuhubiri wala kununua pembe. Alikuja kuokota samaki. Wenyeji wakamtazama anavyojitosa kwenye madimbwi ya njia ya Mto Kingani, suruali imekunjwa, wavu mkononi, wakampa jina hapohapo: Bwana Uduvi.

Alipanga vyumba vya juu kwa Shaukat, mfanyabiashara wa Kihindi. Gertruda akapata kazi kwake ya kufua na kupiga pasi. Lakini haukupita muda kazi ikageuka.

Bwana Uduvi alikuwa na kasha la vioo. Ndani kaweka mchanga, majani ya majini, na viumbe wake. Samaki kumi wadogo, madume mkia mwekundu na magamba ya buluu yanayowaka jua likiwapiga. Pamoja nao kamba wadogo wa maji baridi, weupe, ukiwaangalia vizuri unaona chakula kinavyoteremka tumboni.

Nurjehan, mke wa Shaukat, alipanda siku moja kuangalia, akashika kiuno.

"Hawa wa kula?" akamuuliza Gertruda.

"Hapana, Bibi."

"Wa kuuza?"

"Hapana, Bibi."

"Sasa wa nini?"

"Wa kutazama."

"Kutazama!" Nurjehan akacheka. "Ngoja nimwambie Shaukat aache duka, tukae wote tutazame."

Lakini kila alasiri alikuwa anapanda tena.

Mvua za masika zilipokwisha, Bwana Uduvi alifunga safari ya Usagara. Akamwita Gertruda mbele ya kasha. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, ila kilieleweka.

"Hawa naacha kwako. Kila siku unalisha, unaangalia. Mimi nikirudi, kama kazi yako nzuri, nakomboa dada yako."

Gertruda akamshukuru Mungu kwa sauti. Akapiga magoti. Mzungu akamwinua, akamfundisha kuchota viluwiluwi vya mbu kwenye mapipa kwa ajili ya chakula chao, na kubadilisha maji kidogokidogo. Basi. Kwa nini anawafuga, anataka nini kwao, hakusema.

Na Gertruda hakuuliza. Nani aliwauliza Wazungu maswali siku zile?

Siku ileile alikimbia Dunda. Bi Mina alikuwa barazani anasuka ukili wa mkeka.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Mbona unahema?"

Akaeleza. Bi Mina akasikiliza, akasuka, akasikiliza. Mwisho akasema, "Mimi nahamia Saadani kwa kaka yangu, wala sifichi. Lakini nitamsubiri huyo Bwana Uduvi wako. Akirudi na akamkomboa, Sada ni wako. Akirudi mikono mitupu, Sada nakwenda naye."

Sada alikuwa nyuma ya mlango. Alisikia yote.

Haya. Mwanzoni mambo yalikwenda mswano. Samaki wanakula, madume wanatunishiana mapezi kama vijana wa ngoma, kamba wanajivua magamba na kukua. Gertruda akawapa majina ya watakatifu. Mmoja aliyechanika pezi akamwita Polikarpo, kwa sababu alikuwa mkorofi na hashindwi.

Halafu upepo wa kusi ukakolea, nyasi zikaanza kukauka, na samaki wa kwanza akafa.

Hakuugua. Jioni alikuwa anakula, asubuhi yuko chali. Huyo ndiye aliyezikwa chini ya mgomba.

Wiki haikuisha, wa pili. Huyu alianza kupauka, rangi ikamtoka, mgongo ukapinda kama kikongwe. Gertruda anamwangalia kwenye kioo, na hana la kufanya.

Si kwamba hakujaribu. Alihamisha kasha kutoka dirishani, akalirudisha. Alipunguza chakula, akaongeza. Alisali rozari nzima na maji ya baraka akadondoshea. Nurjehan naye akasoma dua yake, akapuliza juu ya kioo.

Kuna siku akaamua kuwapa maji bora kabisa, ya kunywa wageni. Akachota kwenye mtungi wa Nurjehan, ule unaofukizwa ubani kila Alhamisi ili maji yanukie. Kwetu pwani hiyo ndiyo heshima ya mwisho kumpa mtu. Asubuhi kamba watano wamelala mchangani, wekundu kama waliopikwa.

Gertruda alikaa sakafuni, mikono kichwani.

"Bibi, nimewaua. Dada yangu nimemuua."

Nurjehan akakaa naye chini, sari na yote.

"Nisikilize. Mtu akikuachia kuku wake na kuku akafa, unafanyaje?"

"Namlipa kuku."

"Basi. Hii ni amana. Aliacha kumi, akute kumi. Mungu hatakulaumu, na yeye hatakulaumu. Samaki si wametoka madimbwini? Nenda kalipe."

Mnaona? Ushauri wa mtu mwema. Hata mimi ningeufuata. Kwa mtu wa pwani, kitu cha amana kikiharibika mkononi mwako unakirudisha mfano wake, hesabu ikatimia, na kila mtu analala usingizi. Ndiyo uaminifu wenyewe.

Gertruda akamwendea Sada. Sada akaiba muda wa kuteka maji, wakaenda madimbwini, wakavua mitandio. Wakatanda kama wanawake wanavyotanda uduvi: huyu ameshika ncha hizi, yule ncha zile, wanakokota kitambaa majini polepole, wanainua kwa pamoja.

"Wamo?"

"Wamo! Chukua yule mwekundu, dada, yule!"

Walicheka siku ile. Walilowa mpaka shingoni na walicheka.

Lakini waliowekwa nao wakafa. Wakaenda tena. Wakafa tena. Na kila wakienda, dimbwi limepungua. Kwanza kiunoni, halafu magotini, halafu tope la kufika kwenye vifundo. Walikuwa wakienda mbali zaidi, hadi kwenye madimbwi ya viboko, Sada akirudi amechelewa na kupigwa.

"Dada, tuache. Unaumia kwa ajili yangu."

"Nani anaumia kwa ajili ya nani?" Sada akamjibu. "Hii kazi ni yangu kuliko yako. Shika ncha."

Kumbe wale samaki ndivyo walivyoumbwa. Wanazaliwa na masika kwenye madimbwi, wanakua haraka, wanaoana, wanataga kwenye tope, na dimbwi likikauka muda wao umekwisha. Ukiwaweka kwenye kioo, ukiwapa maji ya dhahabu, saa yao ikifika wanakwenda. Wale ndugu walikuwa wanapambana na kitu ambacho hakikuwa na mshindani.

Polikarpo, yule mwenye pezi lililochanika, alikuwa wa mwisho katika wale wa asili. Gertruda alimkuta asubuhi amelala juu ya jani, mdomo wazi. Hakumzika. Alimtupa tu nje kwa dirisha, machozi yalishamwishia.

Wakaenda yeye na Sada kutafuta wa kumlipa kwenye dimbwi moja lililobaki lenye maji ya kujaza sufuria. Wakapata dume. Hesabu ikatimia. Kumi.

Na siku chache baadaye Bwana Uduvi akarudi.

Alirudi amekonda, ndevu zimemfika kifuani, homa imemtafuna. Hata koti hakuvua. Alipanda ngazi moja kwa moja mpaka kwenye kasha. Gertruda kasimama pembeni, nguo imepigwa pasi. Nurjehan kajificha mlangoni, anatabasamu.

"Wote wapo, Bwana," Gertruda akasema. "Hesabu."

Mzungu akainama. Akaangalia. Akaangalia tena.

"Wapo?" akauliza, kama haamini. "Wanaishi bado?"

"Wote kumi."

Uso wake ukawaka kwa furaha. Jamani, ile furaha nadhani Gertruda aliibeba mpaka siku anakufa. Kwa muda wa kupumua mara mbili, Sada alikuwa huru.

Kisha Mzungu akasogeza pua kwenye kioo.

"Yuko wapi yule mwenye pezi lililokatika?"



Gertruda angeweza kudanganya. Lakini hakuona la kudanganya, kwake lilikuwa jambo la kujivunia.

"Alikufa, Bwana. Nimemlipa. Wote waliokufa nimewalipa. Tumekwenda madimbwini mimi na dada yangu, hata mmoja hajapungua."

Bwana Uduvi akakaa juu ya sanduku. Akafunika uso kwa viganja.

"Nilitaka kujua wanakufa lini," akasema.

"Bwana?"

"Miezi mingapi wanaishi. Kazi yangu ilikuwa hiyo tu. Wafe, wewe uniambie nani kafa kwanza, nani kafa baadaye." Akanyanyua macho mekundu ya homa. "Sasa hawa sijui ni nani. Sijui chochote. Umeharibu."

Gertruda alisimama pale, maneno yanamwingia moja moja, na kila moja linakata. Mzungu hakutaka waishi. Hakuwahi kutaka waishi.

Akaanguka miguuni pake. Nurjehan akasahau haya, akaingia, akasema mbele ya mwanamume mgeni bila hata kujifunika vizuri:

"Bwana, huyu hakuiba, hakudanganya! Mimi ndiye niliyemshauri. Kosa ni langu. Mkomboe dada yake!"

"Ahadi ilikuwa ya kazi," Mzungu akasema. Hakupaza sauti. "Kazi haipo."

Akawatoa wale kumi mmojammoja kwa wavu, akawatia kwenye chupa ya mvinyo mkali, akafunga kizibo. Meli ilipopita alipanda nayo.

Gertruda alikwenda Dunda kwa miguu isiyotaka kwenda.

Habari za kurudi kwa Mzungu zilikuwa zimemtangulia. Sada alikuwa amekaa kizingitini, ameoga, amesuka, kifurushi chake kimefungwa kiko mapajani. Alipomwona mdogo wake alisimama haraka, akajipangusa vumbi.

"Twende?"

Gertruda akamtazama, kisha akakitazama kifurushi.

"Mbona unaniangalia hivyo? Samaki walipungua?"

"Hawakupungua."

"Sasa?"

Akamweleza. Yote, mwanzo mpaka mwisho, wamesimama hapohapo mlangoni. Sada alisikiliza ameinamisha kichwa, kama mtu anayejaribu kuelewa lugha ya kigeni.

"Kwa hiyo tungewaacha wafe."

"Tungewaacha wafe, dada."

"Tukae tu. Tusifanye kitu."

"Tusifanye kitu."

Sada akacheka kicheko kifupi kisicho na mwisho mzuri. Akakaa chini, akaanza kufungua kifurushi. Fundo lilikuwa limekazwa sana, ikabidi Gertruda apige magoti amsaidie.

Bi Mina alihamia Saadani mwezi uleule. Wale ndugu hawakuonana tena.

Mlidhani mimi ni wa uzao wa Gertruda, sivyo? Hapana. Gertruda, tunavyojua sisi, hakumsimulia mtu mwingine mkasa huu baada ya siku ile ya mlangoni. Mimi ni wa Saadani. Sada ni bibi mzaa bibi yangu, naye ndiye aliyewasimulia wanawe, na kila akifika pale mlangoni alikuwa anamtetea mdogo wake: "Alinipigania. Msije mkasema hakunipigania."

Funzo? Wewe unayepewa kazi, uliza mwenye kazi anataka nini hasa, hata kama sauti inatetemeka. Na wewe unayetoa kazi, mweleze mtu. Maneno mawili tu yangetosha pale mbele ya kioo.

Na kama unamlaumu Gertruda, nakuomba usimlaumu mbele yangu. Sisi huku Saadani tulishamsamehe, ila hatukupata wa kumpelekea habari hizo.