Utulivu Ulirudi kwa Nani?

Nakumbuka siku moja, mwanangu, kitabu kipya cha historia kilipofika kwenye baraza yetu ya mafundi cherehani hapa Gisenyi. Ilikuwa miaka ile ya mwisho wa tisini. Risasi za vilimani zilikuwa zimeanza kunyamaza, na shuleni watoto hawakufundishwa historia, kwa kuwa hakuna aliyejua aanzie wapi. Kitabu kilitoka Kigali. Kilikuwa cha Kifaransa, lakini dibaji yake ilisema hakikuandikwa kwa wasomi, kimeandikwa kwa kila mtu. Basi sisi, kila mtu, tukakaa kukisikiliza.

Msomaji wetu alikuwa Mwalimu Sefu, mzee aliyesomea dini Ujiji akarudi na Kiswahili cha huko. Baada ya sala ya alasiri alisoma Kifaransa kimoyomoyo, kisha akatutafsiria, nasi tukapunguza mwendo wa cherehani ili zisimzidi sauti. Mpaka leo namshukuru Mungu kwa alasiri zile, ingawa sijui kama zilitufaa.

Pembeni yetu aliketi Mama Eliya, Mkristo, muuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, beseni lake miguuni.

“Hiyo kitabu yenu iko muzito kama tofali,” alitutania. “Mukimaliza, munipatie nifungie samaki.”

“Utafungia sambaza kwa kurasa za wafalme, Mama Eliya?” mmoja wetu akamuuliza.

“Hata wafalme wananuka, baba.”

Tulicheka sana. Lakini samaki walipokwisha hakuondoka, na sote tulijua sababu. Mwanawe Eliya alikwenda Mahoko kununua viazi, wakati ule wa vita, na hakurudi. Mama alikuwa akingoja kitabu kifike kwenye habari za huku kwetu.

Kikafika. Kilitupitia kwa mstari mmoja tu. Mwalimu akasoma kwamba kaskazini-magharibi palikuwa na ghasia, kisha utulivu ukarudi.

“Rudilia hapo,” Mama Eliya akasema.

Mwalimu akarudia.

“Utulivu ilirudi kwa nani? Kwangu haikufika. Donc basi mi siko mutu?”

Hakuna aliyecheka. Wahenga walisema adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Mwalimu akavua miwani.

“Sisi tuliosoma hadithi za Mtume,” alisema, “tumefundishwa kwamba habari haipokewi hivi hivi. Fulani amesikia kwa fulani, naye kwa fulani, mpaka umfikie aliyeona kwa macho yake. Ule ni mnyororo. Ukikatika, unasema umekatika. Sasa mstari huu, aliyeona ni nani? Kitabu hakisemi. Basi habari ya Eliya tutaitafuta wenyewe.”

Akanichukua mimi, nikiwa kijana mwenye miguu mizuri. Tulipanda minibasi hadi Mahoko, tukaulizia sokoni, tukampata mama mmoja muuza maharage. Alituambia aliyoyasikia kwa konda wa gari alilopanda Eliya: kwamba gari lilisimama Kanama, risasi zikalia, abiria wakatawanyika, na konda akamwona Eliya akikimbilia migombani, viazi vyake akaviacha garini.

“Na huyo konda iko wapi?” nikamuuliza.

“Alivuka Goma, mutoto wangu. Huku hajarudi.”

Tukaenda kusimama karibu na Grande Barrière, kizuizi cha mpaka wa kwenda Goma, tukiwauliza wanaovuka. Tulikwenda mara nyingi, jua na mvua. Mwishowe mtu mmoja akatuambia konda yule alikufa. Tulipomuuliza amejuaje, akasema naye aliambiwa tu.

Njiani kurudi nikamwambia Mwalimu, “Tumwambie mama yake kwamba Eliya amevuka, yuko Masisi huko Kongo, ameoa. Ni uongo wa huruma, Mungu atausamehe.”

Akasimama pale pale barabarani.

“Mungu atausamehe, ndiyo. Lakini mama ataupikia chakula kila siku. Atautandikia kitanda. Na yule aliyeandika kwamba utulivu umerudi, unadhani hakuwa na huruma?”

Nikamfuata, mwanangu. Swali lile ninalo hata leo.

Mwalimu akakaa mbele ya Mama Eliya, akamwambia kama asomavyo hadithi: “Mimi Sefu nimesikia kwa muuza maharage wa Mahoko, naye amesikia kwa konda, naye konda alimwona Eliya akikimbilia migomba ya Kanama.”

“Ongeza, Mwalimu.”

“Siwezi, Mama Eliya. Mnyororo umekatika hapo.”

“Ongeza kidogo tu.”

Mwalimu alilia, na hakuongeza. Mama akajitwika beseni lake, akasema sambaza zinaharibika, akaenda zake.

Baada ya hapo alikuwa akija mara kwa mara kuomba asomewe tena yale maneno machache ya mnyororo, wala hakutaka kitabu. Wanasema subira huvuta heri. Yake sikuona imevuta kitu. Alikufa bado anangoja, na Mwalimu akamfuata.

Siku hizi vitabu vipya vya historia ni vingi, vina picha nzuri, na nikipata fedha nanunua. Siwalaumu waandishi, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kila kimoja nakifungua nitafute huku kwetu, na kila mara naukuta utulivu umesharudi. Zamani nilifungua kwa matumaini. Sasa nafungua kwa mazoea, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba anayojua imehamwa.

Kwa hiyo, mwanangu, soma vitabu, lakini kila mstari uulize: aliyeona ni nani? Nawe ukisimulia, mtaje aliyekuambia. Pale mnyororo ulipokatika, simama useme umekatika. Usiuunge kwa uzi wako, hata uwe uzi wa huruma. Mimi nimeshona maisha yangu yote, na pengo lile sikulishona.

Basi pokea. Mimi nimesikia, pamoja na Mwalimu Sefu, kwa muuza maharage wa Mahoko, naye kwa konda, naye alimwona Eliya akikimbilia migomba ya Kanama. Wewe umesikia kwangu. Mungu akupe sikio la kupokea na ulimi usioongeza. Na akujalie mtu wa kumfikishia, maana wangu mimi nimemtafuta kwa miaka mingi, na sina hakika kama ni wewe.