Mtindo wa Marejeo Umekubali, Mama Mkwe Amekataa

Samahanini jamani, tangu asubuhi mnaniuliza kama ule mtindo wa marejeo wa chuo cha shemeji umeingia kwenye kompyuta yangu ya steshenari, na mimi kimya.

Umeingia. Ndiyo ulioniletea balaa.

Ulikuwa unagoma kwa sababu shemeji alilifungua faili la mtindo huo kwenye Word akalisevu, likaharibika. Alipotuma jingine likakubali hapo hapo. Kwa furaha nikaprinti orodha ya marejeo ya kazi yake ya chuo, nikamwonyesha mama mkwe. Yeye na wazee wengine watatu ndio waliomsimulia shemeji kilimo cha ulezi.

Akapitisha kidole akitafuta jina lake. Akakuta jina la mmoja wa wale wazee: "Marwa na wenzake."

"Mimi ndiye wenzake?"

Nikamweleza, mama, majina yakizidi matatu mtindo unayafupisha.

Akamshusha mjukuu wake Bhoke mgongoni, akanikabidhi.

"Sawa. Na huyu akalelewe na Marwa na wenzake."

Akaenda zake.

Kazi ya shemeji inatakiwa kesho, na hapa nachapa kwa mkono mmoja, mwingine una mtoto. Shemeji, cheka, ila mama humpati leo.

Kwa hiyo nitumieni: mtindo huo huo usiofupisha majina. Maelezo ya kuuweka, kwa Kiswahili. Na aliye karibu na hapa Nkende, alete mikono miwili.