Tulimwita Okoth, Wakaja Wawili

Kama unataka kucheka, cheka sasa kabla sijaanza. Haya sikuhadithiwa na mtu. Yalinipata mimi mwenyewe, tena mchana, jua likiwaka.

Mdogo wangu Okoth alifia kwenye handaki la reli, kule Bonde la Ufa, mlima ulipokuwa bado unachimbwa. Jiwe lilimwangukia. Tulileta mwili nyumbani, karibu na Macalder, tukamzika vizuri. Lakini mama akawa anamwota kila mara: Okoth amesimama gizani, anauliza mbona tumemwacha. Kwetu Wajaluo jambo kama hilo halichezewi. Mtu akifia mbali, mwili unaweza kurudi na roho ikabaki pale pale. Lazima watu wake waende kuiita.

Basi tukaenda, mimi na baba mdogo, kwa Probox ya kijana mmoja wa Awendo. Hatukumwambia tunafuata nini. Angekubali kweli? Alibaki garini, sisi tukateremka hadi kwenye mdomo wa handaki. Mlinzi alituhurumia, akasema treni bado, tufanye haraka.

Baba mdogo alishika koti la marehemu, akaita kwa Kijaluo: "Okoth, twende nyumbani."

Niamini, alijibiwa. "Abiro." Nakuja. Sauti ya mdogo wangu kabisa. Halafu kutoka ndani zaidi, sauti nzito: "Abiro." Nikadhani ni mwangwi. Lakini tangu lini mwangwi ukakohoa?

"Usigeuke," baba mdogo alininong'oneza. Kokoto zikawa zinalia nyuma yetu njia nzima, mpaka kwenye gari.

Nilikaa kiti cha nyuma peke yangu, koti mapajani. Tulikuwa tumeshaingia barabara kubwa dereva alipotazama kioo.

"Mzee, hamkuniambia tunarudi na watu."

"Watu gani?"

"Si hao vijana wawili, hapo na dada."

Kulia baridi, kushoto baridi, na harufu ya saruji mbichi. Nilitaka kuruka nje, lakini ningetokea mlango upi, nao walikuwa pande zote mbili? Baba mdogo alisema tu, "Endesha, kijana. Usiangalie tena." Dereva akakigeuza kioo, akaanza kuomba kwa sauti. Hakunyamaza mpaka Migori.

Tulimkabidhi Okoth kwenye kaburi lake, na mama hajamwota tena. Aliyebaki ni yule mwingine. Okoth ni jina la mvulana yeyote aliyezaliwa mvua ikinyesha. Kumbe mle ndani kulikuwa na mwenzake ambaye hakuna ndugu aliyekuja kumwita, naye akasikia jina lake. Giza likianza tu, husimama mlangoni kwangu: "Dada, kwetu ni wapi?" Baba mdogo amemsihi. Padri ameomba. Nilikimbilia Kendu Bay kwa shangazi, na huko nako tukaamka tukakuta nyayo za buti, za saruji mbichi, kutoka mlangoni hadi kitandani kwangu. Nikarudi. Nikimbilie wapi tena?

Kwa hiyo wewe, ukienda kumwita mtu wako, usiite jina tupu. Taja baba yake, taja babu yake, taja na kijiji. Na kama kwenu kuna Okoth aliyekwenda kuchimba handaki hamkumwona tena, nawaomba, njooni Macalder upesi mumchukue. Siku hizi hata haulizi tena kwao ni wapi. Anaingia tu.