Kukata kwa Mstari Mmoja

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ni mwalimu ng'ambo ya mpaka, na unadhifu wake unaudhi. Nchi yao ilipochagua rais, alisimamia kituo cha kura. Kwenye fomu ya matokeo akakosea jumla. Badala ya kusahihisha mbele ya mawakala wa vyama, akapaka wino mweupe wa kufutia, akaandika upya, safi kabisa. Hakuiba hata kura moja. Lakini wagombea walipishana kidogo mno, aliyeshindwa akaenda mahakamani, na fomu kama yake zikaonekana nyingi. Kijijini wakaanza kumwita mwizi, akakimbilia kwetu Mafinga.

Alishinda karakanani kwangu akipiga msasa viti vilivyokwisha pigwa msasa. Alinichosha! Siku moja nikamwekea mbele yake ubao wenye kipimo kilichokatwa. Kwetu, seremala akikosea kipimo hakikwangui. Anakikata kwa mstari mmoja na kuandika kipya pembeni, ili atakayepasua ubao aone vyote viwili.

"Inachukiza kutazama," akasema.

"Inachukiza, mwalimu, lakini haina kesi."

Akarudi kwenye msasa wake.

Siku ya hukumu nilizima mashine ya kuranda, tukasikiliza kwenye simu. Majaji walisoma tangu asubuhi, mpaka simu ikahitaji chaji. Mwishowe wakatamka: uchaguzi umefutwa, urudiwe. Nikaruka kwa furaha, mimi nisiye na kura kule. Yeye alikaa juu ya rundo la mbao, akalia.

"Shemeji, sikujua kama jambo kubwa hivi hurudiwa."

Akataka kurudi akasimamie tena. Mke wangu alimsihi asiende, watamponda mawe. Mimi nilipandwa na hasira, nikamwambia asipokwenda watakuwa wamemwita mwizi kwa haki. Mpaka leo najuta ukali ule, ingawa maneno siyajutii.

Akaenda. Alisimama kwenye mkutano wa kijiji, akaeleza alichokifanya, akaomba nafasi ile. Walibishana mchana kutwa, wakamkubali.

Siku moja baada ya kura akanitumia picha ya fomu. Nikaikuza. Mwalimu wa watu alikuwa amekosea tena jumla! Safari hii tarakimu ilikatwa kwa mstari mmoja, ya kweli ikaandikwa pembeni, na mawakala wote wakatia saini palepale.

Chini ya picha aliandika: "Inachukiza, shemeji. Lakini haina kesi."