Kipimo cha Pili cha Mzee Havyarimana

Ukimwita Pelagia "dokta" hakusahihishi. Ni mtu wa maabara tu hapa hospitalini, na sisi tunaofanya naye kazi humtania kwamba koti lake jeupe hulipiga pasi hadi ndani ya mifuko. Lakini ana haki yake. Wazazi wake waliingia Kasulu wakikimbia vita Burundi, wakalima mashamba ya watu Rungwe Mpya, wakapata uraia uzeeni. Yeye ndiye wa kwanza kwao kuajiriwa, na kazi yake ni safi. Ndiyo maana aibu ninayoisimulia ilimkaa vibaya.

Mzee Havyarimana aliletwa kutoka Titye na nimonia iliyoshika mapafu yote mawili. Aliwekewa oksijeni, akawa anahema kwa mabega. Daktari Brighton, kijana aliyehamishiwa kwetu kutoka Mwanza, aliagiza apimwe laktati, ile tindikali inayojaa kwenye damu mwili unapokosa hewa. Saa mbili asubuhi kipimo kilisoma tatu. Laktati ikishuka zikipita saa sita tangu kipimo cha kwanza, kuna matumaini. Ikipanda, mgonjwa wa namna hiyo mara nyingi hainuki tena.

Damu hiyo haitaki mchezo. Vichupa vyenye dawa ya kuizuia isibadilike vilikuwa vimetuishia, kwa hiyo ilibidi ipimwe ndani ya robo saa, la sivyo laktati huongezeka yenyewe humo kichupani. Pelagia analijua hilo. Ndiye aliyetufundisha.

Saa nane mchana alichukua damu ya pili, akavuka uwanja kwenda maabara. Njiani akakutana na mama mkwe wake, Esteri, aliyeshuka kwenye basi la Kibondo na kikapu cha maharage kichwani. Mkwe huku hapungiwi mkono. Unatua ulichobeba, unainama, mnashikana mikono, mnaulizana nyumba kwa nyumba na mtu kwa mtu, mpaka ng'ombe. Anayekatisha ametukana. Pelagia alitia kichupa mfukoni, akainama. Kisha akamtafutia mkwe kivuli, akamtafutia na chai. Alipokigusa kichupa tena ilikuwa saa tisa na nusu, na kilikuwa na joto.

Angeweza kuchukua nyingine. Lakini kumchoma mzee tena kulimaanisha kueleza kwa nini, na Pelagia huwa hakosei. Akapima. Sita. Penye muda wa kuchukua damu akaandika saa tisa na dakika ishirini.

Daktari alimwita Claudine, binti wa mzee, akamwambia polepole kwamba damu inaonyesha baba yake hatapona. Ndugu wakakaa pembeni ya kitanda cha mzee, wakapanga mambo yao. Wakaamua wamrudishe Titye akafie kwake, na gari likatafutwa.

Pelagia aliwakuta wakifunga vyombo vya mgonjwa. Anasema alisikia aibu hadi masikio yakawaka, lakini hata hapo hakuutoa ukweli wote. Alimkimbilia daktari, akamwambia mashine inamtia wasiwasi, warudie. Damu ya tatu ilipimwa palepale: mbili na nusu. Oksijeni haikuondolewa. Siku ya kumi na moja mzee alitoka kwa miguu yake. Mashine nayo, kwa kuwa ilisingiziwa, ikafungiwa kabatini, na wagonjwa wanne waliofuata hawakupimwa.

Tangu hapo kila siku ya soko Claudine alimletea ndizi "dokta aliyemrudisha baba". Alitua mzigo, akainama, akauliza habari za wote nyumbani kwa Pelagia, na mkwe wa Kibondo hakusahaulika. Ndizi tulikula sisi. Mwenyewe hakuonja hata moja.

Wiki ya tano ilimshinda. Mimi nilikuwepo.

"Dada, mashine haikukosea," alisema. "Niliichelewesha damu ya mzee nikimsalimia mama mkwe, nikaandika muda wa uongo."

Claudine aliinuka taratibu.

"Baba alikuwa anasikia," akasema. "Siku ile tulipogawana shamba lake pembeni ya kitanda, alisikia yote. Tangu arudi nikimsalimia haitikii."

Akaondoka bila kuaga. Kwetu hilo ni zito kuliko tusi.

Siku hiyohiyo Pelagia alimweleza daktari kila kitu, akapewa barua ya onyo, na mashine ikatolewa kabatini. Jumamosi aliniomba nimsindikize Titye. Tulipanda bodaboda. Alitaka mzee ajue kwamba watoto wake hawakumtupa, walidanganywa na majibu aliyoyaandika yeye Pelagia.

Mzee alitukuta tumeinama mlangoni. Alipomtambua Pelagia alifurahi sana, akamshika mikono yote miwili, akaanza: mume hajambo, watoto je, na mama mkwe wa Kibondo, ambaye Claudine alikuwa akimtaja kila akirudi sokoni, naye hajambo? Pelagia aliitikia mmoja mmoja, machozi yakimdondoka, kwa sababu haikuwezekana kumkatisha. Mzee alipomaliza hata ng'ombe, akasubiri kusikia kilichotuleta.