Kanzu ya Mzee Salum si nyeupe: nilivyotengeneza kipimo cha white balance kwa tepu ya fundi bomba

Wakuu, habari za humu.

Ninachosimulia nimekishika kwa mikono yangu, na vitambaa vyenyewe vipo hapa Biharamulo. Anayebisha aje aviangalie. Sileti habari za "jamaa yangu aliniambia".

Kwa wasiopiga picha: white balance ni kuiambia kamera kitu kipi ni cheupe kwa mwanga wa hapo ulipo. Ukiidanganya, rangi zote zinafuata uongo wako. Basi. Wataalamu wa video za mtandaoni wanalizungusha jambo hilo mpaka bando linaisha, halafu mwishoni wanakuuzia kadi ya kupimia weupe.

Mimi ni mtu wa Kanazi kule Ngara. Nimemaliza chuo, nakaa Biharamulo mjini kwa kaka yangu nikisubiri ajira, na kamera ya mtumba ninayo.

Jirani yetu, Mama Zulfa, ana duka la vitambaa. Ukoo wao ulitoka pwani zamani ukaja kufanya biashara huku, na duka ndilo maisha yao. Siku hizi wateja wake wakubwa ni kamati za harusi za Ngara. Wanatumiwa picha kwenye simu, wanachagua, mzigo unapanda basi. Najua kuna mtu ataandika "kwa nini hawaji wenyewe?" Mkuu, Ngara na Biharamulo siyo kuvuka barabara.

Sasa kamati moja ilitaka sare ya rangi ya damu ya mzee, nyekundu iliyoiva. Picha alipiga kijana wa stendi anayejiita Master Lenzi, akazituma mwenyewe kwa kamati, kila kitambaa na namba yake. Kamati ikataja namba, Mama Zulfa akafunga namba hiyo, mzigo ukaenda.

Wakafungua. Zambarau.

Siyo zambarau ya kubishania. Zambarau ya Kwaresima kabisa.

Mzigo ukarudi. Nilikuwa nimekaa dukani wakati mwenyekiti wa sare wa kamati, Mama Speciosa, alipopiga simu. Spika ilikuwa wazi.

"Mama Zulfa, huku wenzangu wananiona tapeli. Tuma picha nyingine. Ikifika na rangi tofauti tena, tunachukulia Kahama. Na kamati zote za huku nitaziambia."

Simu ikakatwa. Mama Zulfa akaiweka juu ya vitambaa. Bila kamati za Ngara, lile duka ni la kuuza vitambaa vya kushonea mito.

"Msomi," akaniambia, "si una kamera wewe? Au ya kupigia kuku?"

Kabla ya kupiga chochote nilitaka kujua ile picha ilidanganya vipi. Nikamfuata Master Lenzi stendi. Kijana ana kamera kubwa na mdomo mkubwa zaidi.

"Dogo, mimi sipigi auto kama nyie. Nilifanya custom white balance. Nilitafuta kitu cheupe kabisa, nikapimia."

"Kitu gani?"

"Kanzu ya Mzee Salum, mume wa Mama Zulfa. Ilikuwa imeanikwa uani. Kuna cheupe kuliko kanzu ya Ijumaa?"

Wakuu, nilicheka mpaka bodaboda wakageuka.

Nani huku anafua nguo nyeupe bila bluu? Kanzu, mashati ya shule, vitambaa vya makochi, vyote vinazamishwa kwenye maji ya bluu ili ving'ae. Jicho linasema nyeupe pee. Kamera inaona bluu. Ukiiambia kwamba hicho ndicho cheupe, inapunguza bluu kwenye picha nzima. Na zambarau ukiipunguzia bluu inaelekea wapi? Damu ya mzee.

Yaani angeacha auto, huenda angekosea kidogo. Akatumia utaalamu, akakosea kwa uhakika.

Sasa msidhani video zingemwokoa. Zinasema "tumia karatasi nyeupe". Nikatumia karatasi ya kuprinti. Picha ikatoka imepauka kwa unjano, maana hata karatasi huwekewa dawa ya kuifanya ionekane nyeupe zaidi. Zinasema "weka mfuniko mweupe wa kopo mbele ya lenzi". Nikaweka. Nilipoelekeza kamera uani nikapata rangi moja, nilipoelekeza kwenye turubai la bluu la barazani nikapata nyingine. Hakuna hata mmoja wa wale walimu aliyeonyesha amepima. Wanarudiana maneno tu.

Nikatoa vyeupe vyote nilivyoweza kupata, nikavipanga juu ya mkeka uani, mbali na lile turubai: karatasi, sahani ya plastiki, mfuniko wa ndoo, kanzu. Mwisho nikaweka kipande cha boksi nilichokizungushia ile tepu nyeupe nyembamba ambayo mafundi bomba wanafungia kwenye koki. Nilizungusha tabaka kwa tabaka mpaka boksi halionekani. Hiyo tepu haina rangi wala dawa ya kung'arisha. Dukani kwa vifaa vya ujenzi wanakuuzia bila hata kukuangalia usoni.

Mzee Salum akatoka akakuta kanzu yake katikati ya sahani na mfuniko wa ndoo.

"Kijana, hiyo nguo ya ibada inafanya nini hapo?"

"Shikamoo mzee. Tunaangalia kama ni nyeupe."

Akamtazama mkewe.

"Tunaangalia kama ni *nini*?"

"Ni ya bluu kidogo, mzee," nikasema. Chuo hakikunifundisha kunyamaza.

"Miaka yote hii naenda msikitini na kanzu ya bluu?"

"Si mimi ninayekufulia?" Mama Zulfa akadakia. "Ulitaka nikufulie kwa matope? Kaa huko, tuna kazi."

Nikakipiga picha kitambaa cha damu ya mzee, cha kweli safari hii, mara kadhaa, kila mara nikipimia cheupe kingine. Sikumwambia Mama Zulfa ipi ni ipi. Nilimpa kitambaa mkononi na picha kwenye simu yake, kisha kwenye yangu, kisha kwenye ya Mzee, maana kioo kimoja nacho sikiamini. Kwenye simu zote alichagua picha ileile. Ya tepu.

Ikatumwa. Kamati ikakubali. Mzigo ukapanda basi.

Kesho yake simu ikaita. Mama Zulfa akaweka spika. Nyuma ya Mama Speciosa zilisikika honi za stendi ya Ngara.

"Nimekitoa nje kwenye jua," akasema. "Nimeweka simu juu yake."

Wote tukaisogelea simu.

"Ndicho. Ndicho chenyewe. Ongezeni na cha wakwe." Halafu akauliza: "Sasa mama, kile cha kwanza mlitaka kuniibia?"

Mama Zulfa akamgeukia mumewe. Mzee Salum, kutoka kwenye kiti chake pale mlangoni, akajibu kwa sauti nzito:

"Mwambie ilikuwa kanzu."

Nilichojifunza: cheupe siyo kile kinachokupendeza machoni, na mtu akikwambia "tumia hiki" muulize amepimaje. Akinuna, ujue hajapima. Mimi pia msiniamini. Nunueni tepu, fungeni boksi, leteni majibu hapa.

Mwenye kadi yake ya dukani ailete tuilaze pembeni ya boksi langu, tuone. Master Lenzi, najua unasoma uzi huu. Karibu utetee kanzu.

Mzee Salum bado hajanisamehe. Nikimpa shikamoo, anaitazama kwanza kanzu yake, ndipo anaitikia marahaba.